Kisanduku Kilichokaa Mbele ya 144

Zuhura na Festo, funguo za steshenari mnazo, nywila ya kompyuta mnayo, na tabia za ile printa inayokwama mnazijua. Kilichobaki ni mimi kuwaachia yale ambayo hayamo ndani ya kompyuta. Nimeamua kuandika kwa sababu nikiwaeleza kwa mdomo Festo ananikatiza, na Zuhura anacheka kabla sijafika panapochekesha.

Msidhani napumzika kwa uzee. Wa rika langu walioajiriwa bado wanasaini daftari la mahudhurio. Napumzika kwa sababu macho yameanza kunionyesha nukta mbili palipo na moja, na katika kazi yetu nukta moja ni kesi. Habari za kupandishwa cheo msizitafute humu. Nilianza nikiwa mkuu wa ofisi yangu, nimemaliza nikiwa mkuu wa ofisi yangu, na katikati hapakutokea mtu mwenye ubavu wa kunipandisha.

Elimu yangu ni darasa la saba, na nasema kwa sauti. Hisabati nilipata alama ambayo mwalimu aliiandika kwa kalamu nyekundu, ndogo kabisa, pembeni, kama vile aibu ilikuwa yake. Pamoja na hayo, wenye shahada wamekaa kwenye lile benchi la dukani wakinisubiri niwarekebishie kazi zao. Mtu akiwauliza nani aliwapangia kurasa, wanataja kompyuta. Sawa. Kompyuta haikuwahi kukataa sifa.

Nilianzia Mikumi, kando ya barabara kuu, kwenye chumba ambacho lori likipita karatasi zote zinahama meza. Nilikuwa na mashine moja ya fotokopi, imetumika huko ilikotoka mpaka ikachoka, ikaletwa kwangu ipumzike. Mteja wa kwanza kabisa alikuwa mzee wa kanisa, ana cheti cha ubatizo cha mwanawe, anataka nakala. Nikafunika, nikabonyeza, ikatoka karatasi nyeupe. Nikarudia, nyeupe. Mara ya tatu nikamwambia, huku nikiipigapiga mashine ubavuni kama ng'ombe mkaidi, kwamba cheti chake kimepauka mno, mashine haikioni. Mzee akakubali. Akaomba radhi hata, akaenda zake kutafuta kingine.

Alipotoka ndipo nikagundua nilikilaza cheti chali, maandishi yakitazama juu. Mashine ilikuwa inanakili mgongo wa karatasi, tena kwa uaminifu mkubwa. Siku hiyo nilijifunza somo lililonilisha miaka mingi: jambo likiharibika, isingizie mashine. Mashine haina mdomo, na mteja anaihofia kuliko anavyokuhofia wewe. Kumbukeni somo hili, maana mbele ya maandishi haya litanigharimu.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Bi Apolonia. Alikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi ya shamba la mkonge mpaka akastaafu, akahamia Mikumi kwa dada yake na taipureta yake. Alikuja kutoa nakala, akaona barua niliyomchapia mtu, akaisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaniuliza aliyeichapa ni nani. Nikajibu kwa kifua mbele kwamba ni mimi. Akavuta kiti.

"Kaa," akasema. "Kwanza tuondoe hicho kifua, kinaziba mashine."

Alinifundisha kuchapa kwa vidole kumi, mikono ikiwa chini ya kitenge nisiione. Lakini kilichonishangaza ni jinsi alivyochapa mitihani ya hisabati. Taipureta haina alama ya kipeuo. Basi akifika penye kipeuo anaruka nafasi mbili, na kwenye kikaratasi cha pembeni anaandika: ukurasa wa kwanza, swali la tatu, kipeuo kimoja. Akimaliza kuchapa anachukua kalamu ya wino mweusi, anarudi na kuchora kila alama kwa mkono, na kila akichora moja anaitia vema kwenye kikaratasi. Kikaratasi kisipojaa vema, mtihani hautoki mezani. Mimi nikaona ni ushamba. Nikamwambia zama za kompyuta zikija, mambo hayo yatakwisha.

Kompyuta ilipokuja akaja kuiona. Akaiangalia kama mtu anavyomwangalia mchumba wa mwanawe. Akasema neno moja tu ambalo nilipohamia Kilosa nililiandika ukutani, na baadaye nikabandika juu yake tangazo la picha za pasipoti: "Soma karatasi, usisome kioo. Kioo kitakubembeleza." Ametangulia mbele za haki sasa. Lile tangazo mnalijua. Libandueni.

Nikahamia Kilosa mjini, hapo Mabwerebwere mlipo. Mara walimu wote wakawa na simu za kugusa, na kazi ikabadilika. Zamani mwalimu alileta daftari. Sasa anatuma maandishi matupu kutoka kwenye simu, anataka yatoke yakiwa kitabu. Na simu zina alama zote za dunia: vipeuo, pembe, alama za kuzidi na kupungua, herufi za Kigiriki. Mwalimu anazinakili kutoka mtandaoni, anazimwaga humo, kisha anasema, "Nichapie tu." Hilo neno "tu" limenitoa mvi.

Mwalimu mmoja wa sayansi alituma eneo la bustani likiwa mita 5 kwa kipeo cha pili, yaani 5². Ile mbili ndogo ya juu ilishuka njiani, ikatua chini, ikawa 52. Bustani ya shule ikawa kubwa kuliko shule. Mwingine aliandika alama ya kuzidisha kwa herufi x, na herufi x ilikuwepo humohumo kama isiyojulikana, kwa hiyo mwanafunzi alitakiwa kutafuta x ambayo nusu yake ilikuwa kuzidisha. Kuna kistari cha kutoa na kistari cha kuunganisha maneno: kwa macho ni mapacha, kwa kompyuta ni watu wasiosalimiana.

Nikaanza lile daftari jekundu, Daftari la Alama. Kila alama ina namba yake, kama nyumba. Kipeuo ni 221A. Ukiiandika kwenye programu ya kuandikia, ukabonyeza Alt pamoja na X, inageuka √. Mbele ya watu wenye digrii nilikuwa naandika 221A kwa kichwa, nabonyeza, nainua macho taratibu kuona nani ameduwaa. Alama ya "ni ndogo kuliko au sawa na" ni 2264. Kuzidisha ni 00D7. Wilaya hii sijui mwingine anayezijua kwa kichwa, na kama yupo, anajificha.

Halafu akaja kijana mtafiti wa tembo kule hifadhini Mikumi. Alikuwa akileta ripoti zake nimchapie. Akaniwekea programu ambayo unaipa maandishi matupu, inakupa kurasa zilizopangwa kama kitabu kutoka kiwandani. Alinionya jambo moja. Akasema fonti niitumiayo, yaani mtindo wa herufi, lazima iwe na alama zote, kwa sababu isipokuwa nazo programu haitalalamika. Nikamwambia nimeelewa.

Ngoja niwaeleze ninyi kama ningetaka nielezwe mimi. Fonti ni kama kijiji. Alama inafika na namba yake, inatafuta jina kwenye daftari la wakazi. Kama haimo, mwenyekiti hasemi "huyu simjui." Anatoa kisanduku kitupu, anakiweka mahali pake, na kikao kinaendelea. Kwenye kioo huwezi kuona, kwa sababu kioo kina adabu: kinamwazima mkazi wa kijiji jirani, kinakuonyesha alama imekaa vizuri. Ukichapa, mgeni anarudi kwao. Kinabaki kisanduku.

Sasa ndipo anapoingia Mwalimu Damari.

Mwalimu Damari alifundisha hisabati kule Vidunda, mlimani, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Amelelewa na shule za misheni, mtu wa Anglikana kweli kweli, kalamu nyekundu kwenye mkoba pamoja na kitabu cha nyimbo. Alinizidi miaka saba au minane, kwa hiyo shikamoo ilikuwa yangu, na marahaba yake ilikuja na ukaguzi: anakutazama kola kwanza, ndipo anaitikia. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Katika simu yake kulikuwa na kitini cha hisabati cha darasa la saba alichokiandika kidogo kidogo, maandishi matupu, somo baada ya somo. Shule sita zilizokuwa zikifanya mitihani ya pamoja, kutoka Vidunda hadi Mvumi, zilikuwa zinafikiria kukitumia kitini hicho. Masharti yakawa kwamba atunge kwanza mtihani mmoja wa kujipima, wauone uwezo wake. Mtihani ukienda vizuri, kitini kichapwe. Usipoenda vizuri, anastaafu nacho kwenye simu.

Aliniambia hayo amekaa kwenye lile benchi, mkoba magotini. Akasema mambo mengine yote aliyoyafundisha yameshatawanyika vichwani mwa watu, hawezi kuyaonyesha. Hicho kitini ndicho kitu pekee kitakachobaki kimeshikika. Nikamwambia mwalimu usiwe na wasiwasi, umefika kwa mwenyewe.

Akatuma mtihani na mwongozo wa kusahihisha akiwa Vidunda. Makubaliano yalikuwa ateremke aje asome nakala ya kwanza kabla sijadurufu. Mvua ikanyesha, barabara ya mlimani ikafunga. Akapiga simu, akaniomba nimsomee mimi.

Hapo lazima mjue sifa yangu nyingine. Miaka yote niliyochapa mitihani, haukuwahi kuvuja hata mmoja, kwa sababu sikuwa nasoma mtihani. Napanga, nachapa, natia kwenye bahasha, nabandika lakiri, macho nimeyapeleka dirishani. Walimu walikuwa wananisifia mbele za watu: huyu bwana hata ukimwuliza swali la kwanza linahusu nini, hajui. Sifa hiyo niliipenda mno. Basi nikamwambia Mwalimu Damari kwamba mimi macho yangu hayaoni mtihani, lakini kwenye kioo nimeshaangalia alama, zimekaa zote. Na kweli zilikaa. Nikauweka kwenye fonti yangu ya kadi za harusi, ile yenye mikia, ili shule sita zijue kazi imetoka wapi. Nikadurufu. Nikabandika lakiri.

Wiki mbili hivi baadaye akaingia dukani Mwalimu Kasiani. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mitihani ya zile shule sita, mtu mwenye suti moja na sauti tatu. Alitaka nakala nane za ajenda ya kikao cha Jumamosi, pamoja na kiambatisho. Nikapokea, nikaanza. Kwa kawaida sisomi, lakini ajenda si mtihani. Ajenda ya tatu ilisema: Uwezo wa Mwalimu Damari kutunga mitihani, na hatima ya kitini chake. Kiambatisho kilikuwa ukurasa wa pili wa mtihani wenyewe, na swali la saba limezungushiwa duara.

Tafuta thamani ya □144 + 6.

Nikauliza, kana kwamba najiuliza tu, hicho kisanduku ni cha nini.

"Si ndiyo tunashangaa sote," akasema Kasiani. "Mwalimu mzima anachukua kisanduku cha darasa la pili, cha jaza namba inayokosekana, anakiweka kwenye mtihani wa darasa la saba. Na siyo kimoja, maswali manne."

Akanieleza yaliyotokea, huku mkono wangu ukiendelea kubonyeza. Watoto wameona visanduku tangu wanaanza shule. Kisanduku maana yake jaza. Wakajaza. Wengi waliandika 1, wakapata 1144, wakajumlisha 6, wakapata 1150. Wengine waliandika 9 wapate namba kubwa. Shule moja yote iliandika 3, kwa sababu msimamizi alipoulizwa alisema wajaze namba yoyote mradi iwe nadhifu. Tatizo lilikuja kwenye kusahihisha. Mwongozo wa Mwalimu Damari ulisema jibu ni 18. Msahihishaji mmoja alikaa asubuhi nzima akitafuta tarakimu ambayo ukiiweka mbele ya 144 na kuongeza 6 unapata 18. Hakuipata. Kamati ikaamua kwamba yeyote aliyejumlisha vizuri namba yake apewe vema, na kwamba Mwalimu Damari ama amechoka, ama kujumlisha kumemshinda.

"Ni mama yetu, tunamheshimu," akasema Kasiani akikusanya nakala zake. "Lakini kitini hatuwezi."

Alipotoka nikafungua faili. Kwenye kioo: √144 + 6. Kipeuo kimekaa kama bwana harusi. Nikachapa. Kisanduku. Nikafungua tena kioo, kipeuo. Nikachapa tena, kisanduku. Nilikaa. Zuhura, siku ile ulikuja kuniuliza kama naumwa, nikakujibu kwamba wino umeisha. Wino ulikuwepo.

Nilipiga simu Vidunda.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umeshasikia."

"Nimesikia."

"Nimeangalia simu yangu mara kumi," akasema. "Kipeuo kipo. Nimemwita jirani akiangalie, naye anakiona. Wakubwa wanasema nimekiweka baada ya mtihani. Nimeanza kujiuliza, labda kweli. Labda nimezeeka."

"Si uzee, mwalimu."

"Basi ni nini?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Nikasema tutaonana Jumamosi. Yeye akaniambia Mungu anibariki kwa kumjali, jambo lililoniumiza kuliko kama angenitukana.

Jumamosi nilifika kikaoni, kwenye darasa la shule moja hapa mjini, nimebeba kompyuta ya mkononi na ile printa ndogo ndani ya mfuko wa unga. Walimu walikuwa kama kumi na tano, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mwalimu Damari alikuwa dawati la mbele kabisa, peke yake, mkoba magotini vilevile.

Kasiani akaniangalia na ule mfuko.

"Bwana steshenari, wewe umealikwa na nani?"

"Na kisanduku," nikasema.

Walicheka. Mmoja wa nyuma akasema, "Mpisheni Bwana Boksi apite," wakacheka zaidi. Jina langu hilo la utani limezaliwa pale, msidanganywe na wanaosema nilipewa kwa sababu ya makasha ya karatasi.

Nikachomeka printa kwenye soketi. Nikamwomba Mwalimu Damari anitumie swali la saba palepale, kutoka kwenye simu yake, kila mtu anaona. Akatuma. Nikaizungusha kompyuta, wote wakakiona kipeuo kwenye kioo, safi. Nikachapa kwa fonti ileile, nikampa karatasi Kasiani mkononi ikiwa bado ya moto. Akaitazama. Akatazama kioo. Akaitazama tena. Ikapita dawati kwa dawati, na kila ilipofika kicheko kilikwisha. Mwalimu Damari ilipomfikia alipitisha kidole juu ya kisanduku, kama anataka kuona kama kinafutika.

Kasiani si mtu mbaya. Alikuwa wa kwanza kunifungulia mlango.

"Kumbe ni mashine," akasema kwa ile sauti yake ya tatu, ya msibani. "Basi ndugu zangu, mashine ni mashine. Tuandike kwamba ni hitilafu ya mashine, tuendelee na ajenda ya nne."

Mlango ule nilikuwa naujua. Niliutumia tangu siku ya cheti cha ubatizo. Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa na kuipigapiga printa ubavuni. Mwalimu Damari angekuwa salama, mimi ningekuwa salama, na printa isingejitetea. Lakini aligeuka akaniangalia, akaniuliza taratibu, kama anavyomwuliza mwanafunzi ambaye jibu lake analijua.

"Ni mashine?"

Nikajikuta namjibu yeye na si kamati.

"Hapana, mwalimu. Mashine haikuchagua fonti. Nilichagua mimi kwa sababu inapendeza kwenye kadi za harusi. Nilionywa kwamba inaweza kukosa alama, nikasema nimeelewa. Uliniomba nisome karatasi, sikusoma. Niliangalia kioo."

Mimi kimya sikipendi, na unyenyekevu nikikaa nao muda mrefu naugua. Nikaongeza:

"Na niwaambie wazi. Kosa la ukubwa huu, shule sita kwa mpigo, mtihani pamoja na mwongozo wake, wilaya hii hakuna mtu mwingine mwenye uwezo wa kulifanya. Msije mkampa mama huyu sifa isiyo yake."

Aliyecheka wa kwanza ni Mwalimu Damari. Alicheka mpaka akatoa leso. Wengine wakafuata, hata Kasiani, ambaye baadaye aliandika kwenye muhtasari kwamba "mtoa huduma alikiri kwa ufasaha."

Ikabidi karatasi zitolewe kabatini, maswali yale manne yafutwe na alama zihesabiwe upya. Nilibaki kusaidia, kwa adhabu ambayo nilijipa mwenyewe. Katika rundo la shule ya Mvumi, mwalimu mmoja akainua karatasi, akasema njooni muone. Ilikuwa ya binti wa jamii ya wafugaji, Nashipai. Kwenye swali la saba hakuwa amejaza namba. Alikuwa amechora kipeuo ndani ya kisanduku, kwa penseli, na mkia wake akauvuta juu ya 144. Jibu lake: 18. Pembeni yake kulikuwa na mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa, na msahihishaji ameandika: "Umeliona wapi jibu hili?"

Watu wakaangaliana. Mwalimu Damari akaichukua karatasi ya mtihani, akaweka kidole juu kabisa ya ukurasa, pale ambapo macho yetu wote yalikuwa yamepita. Paliandikwa kwa herufi za kawaida, zile ambazo fonti ya harusi inazo: Sehemu C: Vipeuo vya Pili.

"Ameliona hapa," akasema. "Amesoma karatasi."

Mbele ya kile kidole tulikuwa watu wazima kumi na sita. Wasimamizi wa shule sita, wasahihishaji, mwenyekiti na bingwa wa 221A. Kati yetu wote hakuna aliyesoma kichwa cha habari.

Kitini kilipitishwa siku hiyohiyo, kwa sharti moja alilolitoa Mwalimu Damari mwenyewe: kichapwe kwangu, lakini kila ukurasa niusome kwa sauti mbele yake kabla ya kudurufiwa. Nilidhani anatania. Alikuja Kilosa likizo nzima, akafikia kwa binti yake, na kila asubuhi alikaa kwenye lile benchi na kikaratasi. Kila alama aliyoiandika kwenye simu alikuwa ameiorodhesha: ukurasa, swali, alama. Mimi nasoma kutoka kwenye karatasi, yeye anatia vema. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshawahi kumwona mtu mwingine akifanya hivyo. Nilibadilisha fonti, nikachukua moja isiyo na mikia, ya kijiji kikubwa, yenye wakazi wote.

Tatizo lilikuwa kwamba huwezi kusoma kwa sauti usichokielewa. Nikifika kwenye kipeuo nasema "ile alama." Siku ya tatu akanikataza.

"Ina jina," akasema. "Na ina kazi. Kipeuo cha pili cha mia moja arobaini na nne, ni namba gani ukiizidisha kwa yenyewe unapata mia moja arobaini na nne?"

Festo, ulikuwepo, ulikuwa unakata karatasi na kujifanya husikii. Mimi, mwenye namba za alama zote kichwani, nilikuwa sijawahi kujua hata moja inafanya nini. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, kama niko chini ya kitenge cha Bi Apolonia. Kumi mara kumi. Kumi na moja mara kumi na moja. Nikamwambia ni kumi na mbili.

Mwalimu Damari akalivuta Daftari la Alama, akafungua ukurasa wa 221A, akachomoa kalamu yake nyekundu na kutia vema kubwa. Hakuiandika pembeni.

"Umechelewa," akasema, "lakini nakupa."

Alistaafu mwaka uliofuata. Kitini mnakijua, ndicho kile ambacho kila Januari tunakidurufu tena. Karatasi ya Nashipai niliiomba kwa mwalimu wake. Mkasi tuliufuta kwa vema, na iko ndani ya plastiki juu ya printa. Wateja wakiuliza mnasema ni mapambo. Sasa mnajua.

Daftari nawaachia. Kurasa zote zimejaa isipokuwa wa mwisho, ambako mtakuta nimechora kisanduku kimoja kitupu. Msiniite kwamba alama imekosekana, na msiisingizie printa. Hicho nimekichora kwa mkono, kwa ajili yenu. Siku mtakapofanya kosa lenu la kwanza kubwa, andikeni humo ni nini, tarehe gani, na ni nani kati yenu. Nitakuja kulisoma. Nina hakika halitafikia langu.